Msiseme Umekauka

Wanangu wa maabara, sogezeni viti, na huyo anayechezea simu aiweke mfukoni kwanza. Mimi si mtu wa hotuba. Siku ya kuniaga kazini walinipa kipaza sauti, nikasema "Ahsanteni, pilau inapoa," nikaketi. Lakini tangu nistaafu na kuhamia hapa Ipogolo, simu yangu haipumziki. Mama, rangi ya fedha imegoma. Mama, mfupa unavunjikia kwenye kisu. Mama, daktari ametuletea sindano tupu, tuandike nini? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Mmekuja wenyewe leo, basi mtasikia yote kwa mpigo, na nikirukaruka mnivumilie.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mbena wa Nyololo. Maisha yangu yote ya kazi nimeangalia damu na uboho kwa hadubini, kwanza Iringa, halafu Mbeya, ambako nilikaa mtaa wa Soweto mpaka majirani wakasahau kwamba nilikuja na mizigo. Kazini waliniita Mama Slaidi. Mtaani waliniita Mama Damu, na jina hilo liliniponza, maana nilipojaribu kuuza maandazi hakuna mtu aliyetaka andazi la Mama Damu. Niliyala mwenyewe na wanangu mpaka unga ukaisha.

Haya, tuanze na hiyo sindano tupu, maana ndiyo iliyowaleta.

Uboho mnaujua tangu utoto, kwenye supu. Ule wa mgonjwa daktari huuvuta kwenye mfupa wa nyonga kwa sindano nene, na kwa kawaida unatoka mwekundu, mzito kidogo, una vichenga ndani. Unaupaka kwenye slaidi haraka kabla haujaganda. Lakini wapo wagonjwa ambao daktari anavuta, anavuta tena, anageuza sindano, jasho linamtoka, na hakuna kinachokuja. Wengine mnakimbilia kuandika "sampuli haifai". Ala! Nani kawaambia haifai? Sindano tupu nayo ni jibu. Inakuambia kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kinachoushika uboho usitoke. Mwombe daktari akate kipande chembamba cha mfupa. Kabla hujakitumbukiza kwenye dawa ya kukihifadhi, kiguse guse taratibu juu ya slaidi safi, kitaacha seli zake pale kama mguu wenye tope unavyoacha alama sakafuni. Halafu nenda kaiangalie damu ya mgonjwa upya, kwa macho yako, usiiachie mashine. Ukikuta chembe nyekundu zenye mkia, zimechongoka kama tone la machozi, ujue zimepenya kwa shida mahali palipobana.

Na kuhusu mashine, siitukani. Nimehesabu chembe sahani, hizo mnazoziita pleteleti, moja moja kwenye kioo cha mistari mpaka shingo ikakakamaa, kwa hiyo mashine ilipokuja niliipokea kama mkwe. Ila chembe sahani ikiwa kubwa kupita kiasi mashine inaidhania chembe nyekundu na kuihesabu huko. Mashine ikikuletea hesabu ya ajabu, chungulia.

Rangi ya fedha nilifundishwa Iringa na Mzee Ngailo, Mkinga mmoja mfupi, mkali, ambaye hakuwahi kumsifu mtu mbele yake. Akikusifia ni mpaka umetoka chumbani. Rangi hii ndiyo inayoonyesha nyuzi ndani ya uboho. Rangi nyingine zitakuonyesha seli vizuri kabisa, lakini nyuzi nyembamba utazipita bila kuziona. Fedha inazishika, zinakuwa nyeusi tii.

Sasa fedha ina wivu. Inataka chombo kisafi kuliko sahani za harusi. Siku ya kwanza nilimwona mwenzetu mmoja akitoa slaidi kwenye maji ya fedha kwa koleo la chuma. Mzee Ngailo alipiga ukelele, mimi nikadhani kaona nyoka. "Chuma! Umetia chuma!" Tukaangalia slaidi, zote zimechafuka madoadoa meusi, huwezi kujua uzi ni upi na uchafu ni upi. Kuanzia siku hiyo tulitumia koleo la mti alilolichonga mwenyewe. Ninyi mnayo ya plastiki, hamna udhuru.

Na jambo la pili, hili si la mzaha. Maji ya fedha yaliyochanganywa na amonia hayalazwi. Unatengeneza, unatumia, unayaua kwa maji ya chumvi, unamwaga. Ukiyaacha yakakaa yakakauka, yanaweza kulipuka yakakutoa macho. Mzee Ngailo alikuwa akituuliza kila siku kabla ya kufunga mlango: "Mmeyaua?" Tukisema tumeyaua, anakwenda kuhakikisha mwenyewe.

Vidole vyangu vilikuwa vyeusi wiki nzima wakati huo, maana glavu zilikuwa za kugombania. Jumapili moja kanisani mzee mmoja wa usharika akaniita pembeni, akanisalimu kikwetu, kwa upole kabisa: "Kamwene, mwanangu. Hiyo piko ya nini, na wewe hujaolewa?" Nikamwambia ni fedha. Akatazama vidole, akanitazama usoni, akasema fedha ya namna hiyo ningeiacha tu.

Basi. Sasa nataka niwaambie habari ya Mzee Masanja, maana ndiyo sababu siwaruhusu kutamka neno "umekauka".

Wakati huo nilikuwa Mbeya. Masanja alikuwa mfugaji na mkulima wa mpunga kutoka Usangu, wa zile familia za Kisukuma zilizoshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Hakuwa mzee sana kwa miaka, lakini ugonjwa ulimzeesha. Alikonda mikono na miguu, tumbo likatokeza upande wa kushoto. Bandama ilikuwa imeshuka mpaka karibu na kitovu, na juu yake chale mpya na za zamani, za waganga waliojaribu kuirudisha. Akila matonge mawili ameshiba. Alikuja na mkewe, Kabula, na mdogo wake, Ngassa, mtu wa kofia pana asiyeketi hata ukimpa kiti. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua. Masanja alijifunga mablanketi, akaniuliza, "Mama, ninyi hapa mnaishi ndani ya friji kwa hiari yenu?" Nikampenda hapo hapo.

Damu yake niliiangalia mwenyewe. Zile chembe za machozi zilikuwepo, tele. Chembe sahani kubwa kubwa zilikuwepo. Na seli changa ambazo hazina ruhusa ya kutoka ndani ya mfupa zilikuwa zinatembea nje kwenye damu. Nikamwambia Daktari Lusajo, na yeye tayari alikuwa ameshaanza kufikiri huko huko. Lusajo alikuwa kijana wa upande wa Tukuyu, daktari mzuri sana, ila mdomo wake ulitangulia miguu.

Siku ya kuvuta uboho nilisimama pembeni na slaidi zangu. Ngassa alikuwa ameshika mkono wa kaka yake. Kabula alisimama mlangoni na sufuria ya supu, akingoja tumalize. Lusajo akavuta. Hakuna. Akageuza, akavuta tena. Hakuna. Akanigeukia, kama tunavyosemezana siku zote sisi watu wa kazi: "Mama, kavu. Uboho umekauka."

Ngassa akauliza polepole, "Umekauka, daktari?"

"Kavu kabisa," Lusajo akasema, akaanza kukata kile kipande cha mfupa.

Mimi nilikuwa nahangaika na slaidi, lakini nilimwona Ngassa akimtazama Kabula, halafu akiitazama sufuria.

Kesho yake nilimkuta Kabula kwenye bomba la nje akiosha ile sufuria. Anaisugua tu, na imeshang'aa. Nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha neno moja, "Mwangaluka," akaitikia, halafu akaanza kulia. Nikamwacha alie. Alipomaliza akanieleza.

Kwenye boma lao mfupa wenye uboho ni wa mwenye boma. Anaugonga mwenyewe kwenye jiwe, uboho unadondoka kiganjani, na anampa amtakaye. Masanja aliposhindwa kula, akawa anagonga na kumpa mkewe, kila wanapopika nyama, kwa sababu ndiye aliyekesha naye.

"Nimeula mbele ya watu, mama," Kabula akaniambia. "Sikujificha. Sasa shemeji anasema, yule anapungua uboho, mimi naongezeka. Amewapigia simu ndugu zake. Wanasema daktari mwenyewe kathibitisha kwamba umekauka, na mtu hakauki uboho bila kuwa na wa kuunyonya."

"Watakufanyaje?"

"Wanirudishe kwetu kaskazini. Watoto wabaki. Wa mwisho ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza."

Jamani! Neno letu la kazini, neno la mazoea, limetoka chumba cha sindano limekwenda kumvunjia mtu nyumba. Na msinielewe vibaya, Ngassa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwona kaka yake anaisha, na amepewa neno ambalo kwao lina maana moja tu.

Nikamfuata Lusajo. "Daktari, mdomo wako umezaa kesi." Nilipomweleza alikaa chini. "Mimi? Nilisema kavu tu, mama!" Nikamwambia ndilo hilo hilo. Akatoka mbio kwenda kumtafuta Ngassa, nami nyuma. Akamweleza kwamba alimaanisha sindano haikuvuta, kwamba uboho hauishi kwa kunyonywa. Ngassa akamsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kwa heshima zote.

"Daktari," akasema, "jana hukuwa umeulizwa na mtu, ukasema umekauka. Leo umeulizwa, unasema haukukauka. Nishike lipi?"

Mimi nikadakia kwamba kuna kipande cha mfupa maabara, kisubiriwe kiseme chenyewe. Ngassa akafikiri. Akasema atasubiri mfupa useme, lakini ndugu zake kule nyumbani wameshaanza kutafuta gari la kumchukua mgonjwa, na likifika hawezi kulizuia.

Hapo, wanangu, ndipo ninapotaka mnisikilize kwa masikio yote mawili. Mfupa ni mgumu. Huwezi kuukata kwa kisu cha maabara mpaka umeulowesha kwenye dawa inayotoa chokaa, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Ukiweka asidi kali, unalainika upesi, lakini umeziunguza seli, na rangi zitakukatalia. Ukitoa mapema, kisu kinakwaruza na mfupa unakuwa chenga. Ni kama makande. Aliyeyapika anajua kwamba kuni nyingi haziyafundishi mahindi adabu. Na pale nilikuwa na mwanamke anayelia bombani na gari linalotafutwa Usangu. Mkono uliniwasha kuikamata ile chupa ya asidi kali. Nikaifungia kabatini, ufunguo nikampa Lusajo.

Kila asubuhi Ngassa alikuja dirishani kwangu. "Mwangaluka, mama. Mfupa umesema?"

"Mwangaluka. Bado unalainika."

"Mfupa wenu mvivu."

"Ni wa kaka yako huo, si wangu."

Mara ya kwanza hakucheka. Mara iliyofuata alicheka kidogo, akaificha kwa kofia.

Ulipolainika nikaukata mwembamba, nikaupaka rangi za kawaida, na pembeni nikatayarisha fedha. Vyombo niliviosha mwenyewe, kila kimoja, kwa maji yaliyochujwa. Koleo lilikuwa lile la mti, nililohama nalo kutoka Iringa. Mzee Ngailo alishatangulia mbele ya haki, lakini nilijisikia anasimama nyuma yangu akinisubiri nikosee. Nilipoweka slaidi chini ya hadubini nikasema "Mungu wangu" kwa sauti. Nyuzi. Nyeusi, nene, zimepita huku na kule, zimepishana mpaka huoni nafasi. Na katikati ya nyuzi, zile seli kubwa zinazozaa chembe sahani, zimejikusanya vikundi vikundi, za ajabu ajabu, majitu yenye viini vilivyovurugika.

Nikamwita Lusajo. Na hapa nimpe haki yake, maana mimi nilijua kuziona nyuzi, yeye ndiye aliyenifundisha zinatoka wapi. Alivua koti, akachora juu ya boksi la glavu.

Ukijikata jikoni, akasema, chembe sahani ndizo zinazofika kwanza. Zinaziba tundu. Lakini kazi haiishii hapo. Kila moja imebeba vifuko vidogo, na ndani ya vifuko mna vichochezi vya ukuaji. Zikifika kwenye kidonda zinavimwaga, na vichochezi vinaziita seli zinazofuma nyuzi. Kimoja, wataalamu wanakiita PDGF, kinaziambia ziongezeke. Kingine, TGF-beta, kinaziambia zifume, na hicho ndicho kinacholaumiwa zaidi. Zikifuma, kovu linapatikana, kidonda kinafunga. Ni kitu chema kabisa. Bila hicho tungetembea na vidonda vya utotoni.

Sasa, chembe sahani zote huzaliwa na zile seli kubwa za ndani ya mfupa, kwa kumegeka vipande. Kwenye ugonjwa huu seli mama ndizo zilizoharibika. Zinazaana ovyo, na vichochezi ambavyo vilipaswa kusafiri mpaka kwenye kidonda vinavujia mle mle ndani ya mfupa. Wafumaji wanasikia wito. Wafumaji wenyewe si wagonjwa, wanatii tu. Wanafuma kovu mahali pasipo na kidonda, mwaka kwa mwaka, mpaka uboho unakosa pa kukaa. Kilichobaki kinashikwa na nyuzi, ndiyo maana sindano haivuti. Na kinachoweza kutoka kinatoka, kinakwenda kutengenezea damu kwenye bandama na ini.

"Hayo hayo," nikamwambia, "kawaambie wale. Na usiseme kavu."

Tuliwaita wote maabara, kwenye ile hadubini yenye kioo cha kuonyesha picha. Masanja akaja kwenye kiti cha magurudumu na mablanketi yake. Kabula akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na ile sufuria ya supu mkononi. Ngassa alikataa kuangalia kioo, akataka kuchungulia mwenyewe kwenye hadubini, kwa jicho lake. Nikamrekebishia. Akatazama muda mrefu.

"Hizi kamba nyeusi ndizo nini?"

"Ni kovu," Lusajo akasema. Akamweleza, polepole safari hii, habari za chembe sahani na vile vichochezi. Ngassa hakuwa mjinga hata kidogo. Alimkatiza mara moja tu, kuuliza kama ni sawa na kumwaga mbolea mahali ambapo hukupanda, magugu yakanenepa. Lusajo akasema ndivyo.

"Kwa hiyo kidonda hakuna, kovu lipo."

"Ndiyo."

"Sawa. Nani kaimwaga hiyo mbolea?"

"Hakuna mtu. Seli zinagawanyika kila siku, na siku moja mojawapo ikakosea. Ilikosea yenyewe, na zote zilizozaliwa nayo zikalirithi kosa."

"Yenyewe."

"Yenyewe."

Ngassa akavaa kofia. "Daktari, mimi ni mfugaji. Ng'ombe akifa naulizwa kalishwa wapi, kanyweshwa wapi, kalala na nani zizini. Siwezi kwenda kuwaambia ndugu zangu kwamba kaka yetu kaisha uboho mwenyewe."

Nikamtazama Lusajo, Lusajo akanitazama. Tulikuwa tumemaliza maarifa yetu yote. Tumemwonyesha nyuzi, tumemweleza vichochezi, na swali lake lilikuwa limesimama pale pale, halijaguswa. Kabula aliinamisha kichwa.

Ndipo Masanja akasema kutoka ndani ya mablanketi, "Daktari, umesema uboho wangu mwingine umetoka. Umekwenda wapi?"

Lusajo akamwekea mkono ubavuni kushoto. "Hapa, kwenye bandama. Mfupani pamejaa, kwa hiyo umehamia hapa. Bandama imevimba kwa sababu inajaribu kufanya kazi ya mfupa."

"Umehama?"

"Umehama."

Masanja akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Kabula akasahau woga, akaja kumshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Ngassa. Sisi kule kaskazini tulihama kwa nini?"

"Malisho yaliisha, kaka."

"Nani aliyaloga?"

Ngassa akavua kofia.

"Nakuuliza. Wewe ndiye uliyetangulia na ng'ombe, ukarudi ukatuambia Usangu kuna majani. Siku ile kuna mtu alisema mama yetu ndiye kala majani yote?"

"Hapana, kaka."

"Palibana, tukahama. Na tulipofika kwa watu, boma lao likavimba, wakalalamika, si unakumbuka? Basi uboho wangu nao ni Msukuma. Palibana, umehama." Akamshika Kabula kifundo cha mkono. "Huyu hakula uboho wangu. Alikula nilichompa mimi."

Ngassa akarudi kwenye hadubini, akachungulia tena, muda mrefu kuliko mwanzo. Kisha akatoka ukumbini na simu. Kisukuma sikijui, nilisikia jina la Kabula likitajwa, na sauti ikipanda na kushuka. Aliporudi hakumtazama mtu usoni. Akaichukua ile sufuria mikononi mwa shemeji yake, akaenda bombani kuiosha yeye mwenyewe, na watu wa pale nje walimshangaa.

Lile gari la Usangu halikuja, lakini sitawadanganya kwamba tulimponya. Tulimpa vidonge, bandama ikapungua kiasi, akawa anaweza kula chakula cha mtu mzima. Alikuwa anakuja kuongezewa damu, na kila akija ananiuliza wahamiaji wake wanaendeleaje. Nilikuwa namwambia hawana adabu, wamejenga mpaka kwenye ini. Anacheka. Lakini nyuzi hazikurudi nyuma, na damu ikawa haimkai. Alifariki kwao Usangu, mvua zikiwa zimeanza.

Simu alinipigia Kabula. Nililia, sioni haya kusema. Halafu nikaogopa, maana aliyemlinda ndiye aliyekuwa anazikwa. Ngassa peke yake nilimwamini, lakini wale ndugu wengine sikuwahi kuwaona, na neno likishatangulia nyumbani ni vigumu kulikamata. Mimi na Lusajo tukaenda msibani.

Kabla sijamalizia, nataka niwaweke sawa. Ile siku ya hadubini si mimi niliyewashawishi, na si Lusajo. Sisi tulileta ukweli, na ukweli wetu ulikuwa hauna mlango wa kuingilia kwao mpaka Masanja alipoufungua. Lakini angalieni: asingeufungua kama Lusajo angesema tena kavu. Neno "umehama" ndilo lililokuwa sahihi kwa sayansi, na ndilo lililokuwa sahihi kwa Masanja. Kwa hiyo sindano ikija tupu, andika kwamba haikuvuta. Mwambie mgonjwa haikuvuta, tutakata kipande tuone kwa nini. Nikisikia mmoja wenu kasema umekauka, nitapanda basi nije nimtoe koti hadharani, na mnanijua.

Sasa kule msibani. Siku ya kumaliza matanga walichinja. Wanawake waliketi upande mmoja, wanaume upande mwingine, mimi na Lusajo tukawekwa pamoja katikati kama wageni, mvua imekatika na uwanja una tope. Kabula alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, watoto wake wamemzunguka, na niliona baadhi ya wanawake wameacha nafasi kati yake na wao. Nyama ikaletwa. Ngassa sasa ndiye mkubwa wa boma. Akaletewa mfupa, ule wa mguu, mrefu, na jiwe. Wote wakamgeukia.

Akaugonga mara moja, haukutoka. Lusajo akanong'ona, "Kavu," nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote. Ngassa akaugeuza, akagonga tena, na uboho ukadondoka kiganjani mwake, mzima.

Akainua kichwa, akatazama nduguze mmoja mmoja, halafu akaita kwa sauti ya kusikika mpaka zizini: "Shemeji Kabula!"

Kabula akainuka, akapita katikati ya wanaume wote na miguu yake yenye tope, akakinga viganja vyake viwili. Ngassa akamwekea. Naye akasimama pale pale, akaula wote, mbele ya watu.